Safu ya Kumi na Nne

"Yaqoub, mbona wewe umeandikiwa safu ya kwanza na sisi ya kumi na nne?"

Sheima aliuliza kwa sauti ya chini, lakini macho yake hayakuwa ya chini hata kidogo. Walikuwa kwenye ukumbi wa kuondokea, uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, na msichana wa langoni alikuwa ametoka kuwaita abiria wa daraja la biashara watangulie. Yaqoub alishasimama, mkoba begani, miwani ya jua usoni, ingawa humo ndani jua halikuwepo.

"Si baba yako ndiye aliyesema?" akajibu. "Alisema tusikae pamoja mpaka nikaha ipite. Nimetii."

"Alisema tusikae pamoja. Hakusema wewe ukae mbele."

"Sasa Sheima, tukitengana si lazima mmoja awe mbele?"

"Na kwa nini huyo mmoja awe wewe?"

Msichana wa langoni akarudia tangazo, na Yaqoub akalishukuru tangazo hilo kama mtu aliyeokolewa.

"Tutaonana Tabora, mpenzi," akasema, akaondoka bila kugeuka.

Ilikuwa Jumanne. Nikaha ilikuwa Ijumaa. Sheima binti Humaidi, mwenye duka la vitambaa Tabora mjini, mwanamke ambaye wanaume wazima humpungia mkono kwanza kabla hajawapungia, alikuwa amekuja Dar kununua vitu vya harusi. Baba yake, Mzee Humaidi, alikubali asafiri ndege moja na mchumba wake kwa masharti mawili: Shangazi Masika awe naye kila hatua, na wachumba wasikae bega kwa bega hadi sheikh aseme neno lake. Tiketi za kurudi alikata Yaqoub. Na Yaqoub, kijana mzuri, mchapakazi, mfanyabiashara wa asali ya Ipole, aliyasikia masharti hayo kwa masikio yanayosikia kile yanachopenda.

"Akufukuzaye hakwambii toka," Shangazi Masika akanong'ona walipokuwa kwenye foleni.

"Shangazi, tafadhali."

"Nimenyamaza."

Hakunyamaza. Hajawahi.

Ndani ya ndege walimpita. Hakuna njia ya kwenda safu ya kumi na nne isipokuwa kupita mbele ya safu ya kwanza. Yaqoub alikuwa amenyoosha miguu, mkononi ana kitaulo cha moto anajifuta vidole. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu. Akatabasamu. Sheima akatazama mbele, akapita na boksi la vikombe vya harusi alilokataa kulikabidhi kwa wapakia mizigo. Boksi lilikuwa zito. Yaqoub alikuwa na mikono miwili, na yote miwili ilikuwa kwenye kitaulo.

Safu ya kumi na nne, ng'ambo ya njia, alikaa mama mmoja mwenye kitenge na rozari shingoni.

"Shikamoo mama," Sheima akamsalimu.

"Marahaba mwanangu. Naitwa Eustadia, nakwenda kwetu Ulyankulu, kwenye tumbaku yetu. Nilikuwa na mume, lakini wamemchukua."

"Wamemchukua akina nani?"

"Hawa wahudumu. Waliona goti lake halikunji, wakamhurumia, wakampeleka viti vya mbele. Kaenda bila hata kuniaga, kama mtu aliyeteuliwa uwaziri."

Shangazi Masika akacheka mpaka akashika mkanda. Sheima hakucheka. Pazia lilikuwa limevutwa, na yeye alikuwa analitazama.

Ndege ilipotulia angani, mhudumu akaja na glasi ya maji ya embe na kisahani cha korosho.

"Dada, abiria wa kiti cha kwanza amesema nikuletee."

"Ameshakula yeye?"

"Eeh... ndiyo, dada."

"Mrudishie. Mwambie bibi harusi hajafikia kuletewa makombo."

Mhudumu akauma mdomo asicheke, akageuka na sinia lake.

"Sheima!" Shangazi akashtuka. "Umerudisha na korosho?"

"Nimerudisha."

"Mimi nimekosa nini?"

Dakika chache zikapita, pazia likafunguka. Moyo wa Sheima ukaruka. Alijisemea: anakuja. Akaweka sawa mtandio wake, na papo hapo akajichukia kwa kuuweka sawa. Aliyetokea alikuwa mzee mrefu, mguu mmoja mgumu, anajishika kwenye viti kimoja baada ya kingine.

"Mana yanje, Mungu wangu!" Mama Eustadia akapaza sauti. "Anakleti, wamekufukuza?"

"Hawajanifukuza."

"Sasa?"

"Kule kuzuri. Wana mito, wana vijiko vya kweli." Mzee akajitupa kwenye kiti, goti likamtoka njiani, mhudumu akaruka asijikwae. "Lakini nimekaa peke yangu, mbele yangu kijana mmoja anajipiga picha tu. Nikasema ndege ikitikisika, nitamshika nani mkono?"

"Mjinga wewe. Na goti?"

"Goti nimelizoea. Na wewe nimekuzoea."

Mama Eustadia akamkunjulia blanketi, akampiga kofi dogo la bega. Sheima akageuza uso dirishani kwa shangazi yake ili machozi yasionekane. Mkulima wa tumbaku, mwenye goti bovu, ameacha kiti cha kifalme akarudi kukaa na mkewe. Na Yaqoub wake anajipiga picha.

Walitua Tabora mchana, jua limesimama. Sheima akawasha simu wakiwa bado wamejipanga kwenye njia, kila mtu anavuta begi lake. Ujumbe ukaanza kumiminika. Kundi la WhatsApp la harusi, watu mia moja na kumi, lilikuwa na video mpya: Yaqoub anashuka ngazi wa kwanza, miwani usoni, vijana kwenye uzio wanapiga kelele, "Bwana harusi huyoo!"

Chini yake shangazi mmoja wa upande wa pili alikuwa ameuliza: "Mashallah! Na bibi harusi yuko wapi?"

Valentino, rafiki wa Yaqoub, alikuwa amejibu: "Labda yuko chini na mizigo."

Na chini ya hilo, Yaqoub mwenyewe alikuwa ameweka kikatuni cha kucheka.

Sheima alilisoma hilo akiwa bado kwenye njia ya ndege, boksi la vikombe mikononi, abiria kumi na tano mbele yake. Alihisi masikio yanawaka. Kukaa nyuma angeweza kusamehe hata kabla ya kutua. Kile kicheko hakukiweza.

Yaqoub alimngojea mlangoni pa kutokea na shada la maua ambalo marafiki zake walikuja nalo.

"Sheima! Njoo tupige picha, watu wanasubiri."

"Piga na aliyekaa karibu yako."

"Hakukaa mtu karibu yangu."

"Basi umekwisha jibu."

Akampita. Boksi hakuliachia.

Ndani ya gari Mzee Humaidi hakuhitaji kuuliza mara mbili, maana Shangazi Masika alianza kusimulia kabla mlango haujafungwa, na alipofika kwenye korosho alisimulia kwa uchungu wa pekee.

"Binti yangu?" Mzee akasema. "Binti yangu mimi awekwe nyuma, na yeye ajinyooshe mbele?"

"Na mtu akajibu yuko na mizigo, kaka, na bwana harusi akacheka!"

"Ijumaa hakuna nikaha."

"Wageni je? Ng'ombe ameshanunuliwa!"

"Wageni watakula pilau lao waende zao. Pilau halina kosa."

Watu wangedhani Sheima alifurahi kutetewa hivyo. Hakufurahi. Alimpenda Yaqoub tangu miaka minne nyuma, alipoingia dukani kwake kununua kitambaa cha kanzu na akarudi mara sita kuuliza bei ileile. Alikuwa anajua vizuri nini kingevunjika Ijumaa, na hakikuwa heshima ya Mzee Humaidi.

Jioni ujumbe ukaingia:

"Sheima nimekosa nini? Nilifuata alichosema baba yako."

Akajibu:

"Baba alisema tusikae pamoja. Kucheka alikuambia nani?"

Alama mbili za buluu zikatokea.

Jumatano, baada ya sala ya alasiri, Yaqoub akaja na baba yake, Mzee Yaser. Wakakaa barazani na Mzee Humaidi. Sheima akasikia kutoka ndani: salamu ndefu, kahawa, vikombe, kikohozi, ukimya, kisha maneno, kisha vicheko vya wanaume. Saa nzima haikuisha, baba yake akaingia akijipangusa ndevu.

"Yameisha."

"Yameisha kwa nani, baba?"

"Ameniomba radhi. Kijana ameinama, ameushika mkono wangu. Baba yake pia ameomba radhi. Nikaha ipo."

"Baba, wewe ulikaa safu ya kumi na nne?"

Mzee Humaidi akasimama na ncha ya kilemba mkononi.

"Unasemaje?"

"Nauliza tu. Aliyekaa nyuma ni mimi, aliyechekwa ni mimi, na kikombe cha radhi umekunywa wewe. Hata mlangoni hakuja kunisalimu."

"Sheima, usinifedheheshe mbele ya watu. Ijumaa utasemaje?"

"Ijumaa sheikh ataniuliza. Nitamjibu sheikh."

"Hiki kiburi umekitoa wapi?"

"Humu humu ndani, baba. Sikukinunua Dar."

Mzee akamtazama. Akataka kukasirika, midomo ikamkatalia. Akatoka nje kwa haraka, na Shangazi Masika aliapa baadaye kwamba alimsikia akicheka peke yake uani.

Alhamisi mchana Yaqoub akapiga simu. Sheima aliiacha iite mara mbili. Ya tatu akapokea.

"Assalaam alaykum."

"Wa alaykum salaam. Sema."

"Baba yako amenisamehe."

"Hongera. Utamuoa?"

Yaqoub akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepigwa pahali pake.

"Sheima, nikuambie ukweli?"

"Ungeanza nao Jumanne."

"Viti vya mbele vilikuwepo viwili. Ningeweza kuwapa wewe na shangazi. Nilifikiria hivyo. Halafu nikafikiria uwanja wa Tabora, watu wamesimama kwenye uzio. Unajua babu wa babu yangu akiingia mji huu kutoka pwani alikuwa mbele ya msafara, ngoma zinapigwa. Baba yangu alipofunga duka watu wakaanza kutusalimia kwa huruma. Miaka tisa nasalimiwa kwa huruma. Nikasema siku moja tu wanione nashuka wa kwanza."

Sheima alikaa kwenye jora la kitambaa dukani mwake. Hilo hakuwahi kulisikia.

"Na mimi ningeshuka pamoja na wewe, ungepungukiwa nini?"

"Hakuna."

"Huyo babu wa babu yako alikuwa mbele, sawa. Nyuma yake walikuwa watu na mizigo kichwani, na hakuna aliyewapigia ngoma. Wewe siku yetu ya kwanza ya safari ukaniweka huko. Rafiki yako akasema niko na mizigo, wewe ukacheka."

"Sikusoma vizuri, wallahi. Nilikuwa nabonyeza tu."

"Ndiyo ubaya wenyewe. Ulinicheka bila hata kunisoma."

"Samahani, Sheima. Samahani kweli. Nilipokuona unapita na lile boksi, nilijua nimekosea. Niliona aibu kusimama. Ndiyo nikaleta korosho."

"Kama nisingekupenda ningezila korosho zako, nikalala usingizi mpaka Tabora. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Basi umenisamehe?"

"Ulinidharau mbele ya watu mia moja na kumi. Unaniomba radhi kwenye simu, tupo wawili."

"Nije niseme wapi? Niambie, nitasema."

"Nitakuchagulia."

"Sheima, kesho utakubali au hutakubali?"

"Hilo si swali lako."

Akakata. Hata yeye wakati huo alikuwa hajajua atasema nini. Alikuwa anajua jambo moja tu: akiingia ndoa hii kwa kumeza, atameza maisha yake yote.

Ijumaa turubai lilijaa. Wanaume walikaa nje kwenye majamvi, wanawake ndani, udi unafuka, spika imefungwa juu ya mlango ili pande zote zisikie. Valentino alikuwa kwenye kona na simu yake juu, anarekodi. Habari za ndege zilikuwa zimeshazunguka mji, kutoka sokoni mpaka Ipuli, na wapo waliokuja si kwa pilau bali kuona kama bibi harusi atakataa.

Sheikh akaja mlangoni pa chumba na mashahidi wawili. Chumba kikanyamaza. Hata Shangazi Masika, jamani, alinyamaza.

"Binti yangu Sheima binti Humaidi, Yaqoub bin Yaser ameleta posa. Unaridhia baba yako akuozeshe kwake?"

Mtu mmoja akakohoa nje, akanyamazishwa.

"Naridhia," Sheima akasema.

Pumzi zikashuka chumba kizima. Mwanamke mmoja akaanza kigelegele.

"Ngojeni," Sheima akamkatiza. "Sijataja mahari."

Wazee walikuwa wameshaelewana seti ya dhahabu. Lakini mahari ni haki ya mwanamke, yeye ndiye anayetaja, na sheikh alilijua hilo kuliko wote.

"Taja, binti yangu."

"Tiketi moja ya treni, Tabora hadi Kigoma. Daraja la tatu."

Shangazi Masika akamfinya. Sheima akautoa mkono wake taratibu.

"Rudia, nisije nikakosea," sheikh akasema.

"Tiketi ya treni, daraja la tatu. Ya kwake ajikatie mwenyewe. Lakini iwe kiti cha kushoto kwangu, bega kwa bega, tangu hapa mpaka Kigoma. Dhahabu wabaki nayo."

Sheikh aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika kidogo. Alipoinua uso ulikuwa umetulia.

"Ni kitu halali, kinajulikana, kina thamani. Ni haki yako."

Akatoka. Wanawake wakajibana dirishani. Spika ikakwaruza, sauti ya sheikh ikajaa ua mzima, ikavuka ukuta mpaka barabarani: mahari ni tiketi ya treni, daraja la tatu, kwenda Kigoma, na bwana harusi akae pembeni ya mkewe.

Kicheko kilichopasuka hapo kiliwatoa kunguru kwenye mabati. Mzee Yaser alifunika uso. Mzee Humaidi, mkono wake umeshika mkono wa Yaqoub kwa ajili ya nikaha, alikaa wima, kidevu juu, kama mtu anayepokea sifa zake mwenyewe.

Yaqoub hakucheka. Kilemba chake kilikuwa kipya, kanzu nyeupe, na mji mzima ulikuwa unamtazama. Hapo ndipo alipokuwa ametaka kuonekana maisha yake yote. Sheima akamwona kupitia pazia la dirisha. Akaogopa. Akamwomba Mungu, asiondoke, Ya Rabbi, asisimame akaondoka.

"Sheikh," Yaqoub akasema kwenye kipaza sauti, "dirishani anakaa nani?"

Sheikh akageuka kuelekea nyumba. Sheima hakungoja kuulizwa.

"Mimi!" akapaza sauti kutoka ndani, bibi harusi wa kwanza kusikika mtaani siku ya nikaha yake.

"Yeye dirishani," Yaqoub akaitikia. Akamtafuta Valentino kwa macho, akamwonyesha kidole. "Wewe, sogea karibu. Rekodi vizuri, upeleke kwenye kundi. Jumanne mchumba wangu alipita mbele yangu na boksi zito, mimi nikakaa. Halafu akasemwa yuko na mizigo, mimi nikacheka. Nimemkosea, na namwomba radhi hapa mbele yenu nyote."

Valentino akaikaza simu kwa mikono miwili, uso umemshuka.

Mzee Humaidi akaminya mkono wa kijana. "Nimekuozesha binti yangu Sheima kwa mahari aliyoitaja."

"Nimekubali kumuoa Sheima binti Humaidi," Yaqoub akasema, kila neno kwa sauti ya juu, "kwa mahari ya tiketi ya treni ya daraja la tatu, yeye dirishani na mimi pembeni yake."

Vigelegele vikapasua nyumba. Sheima alilia, akacheka, wanja ukamchuruzika na hakuna aliyemkemea. Shangazi Masika akamkumbatia, akamfuta kwa ncha ya mtandio wake, kisha akakumbuka jambo.

"Na mimi? Kwenye treni mimi nitakaa wapi?"

"Wewe shangazi," Sheima akamwambia, akimbusu shavu, "safari hii unabaki nyumbani."